Mzigo Gani? Juu ya Ramani za Ndege za Mabomu na Lugha Yetu

Wapo miongoni mwetu walimu wasemao kwamba ramani za ndege za vita, zile zichorwazo kwa skeli ili watu waunde ndege za mfano kwa mbao au kwa plastiki, hazina mahali katika chama cha Kiswahili cha shule. Wamelisema jambo hili kwa upole, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu. Lakini upole wa msemaji hauwi hoja. Husema mambo mawili. Kwanza, ati Kiswahili hakina maneno ya kusomea ramani kama hizo, basi heri zibaki kwa mwalimu wa Kiingereza au wa fizikia. Pili, na hili ndilo zito, kwamba sisi tufundishao Uganda tumehangaika miaka mingi kuiondolea lugha hii harufu ya baruti, na sasa anakuja mtu kumpa mtoto picha ya ndege ya mabomu na kumwambia, "Haya, ieleze kwa Kiswahili sanifu."

Nitayajibu yote mawili, ingawa si kwa urefu sawa. Kisha nitaonyesha kwamba wenzangu hawa wameona moshi penyewe, bali wameuelekezea kidole mlango usiokuwa na moto.

Hebu kwanza tujue tunabishania kitu gani, maana wengi waikataao ramani hii hawajapata kuitandika mezani. Twaa ramani ya ndege ya Kiingereza iitwayo Avro Lancaster, iliyoruka mara ya kwanza Januari 1941, na ambayo viwanda viliunda zaidi ya 7,300 za namna yake. Karatasi itakuwa na sura tatu za ndege ile ile: ionekanavyo kutoka juu, kutoka ubavuni, na kutoka mbele. Kando yake patakuwa na mikato, yaani umbo la kiwiliwili kana kwamba kimepitishwa msumeno hapa na pale, ili mjenzi ajue ni wapi panapoviringana na ni wapi palipo bapa. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa futi 102 kutoka ncha ya bawa hata ncha ya bawa, yaani mita 31.09. Kwa skeli ya 1/72 itatoshea sentimita 43.2. Mwanadamu mwenye kimo cha mita 1.75 akisimama chini ya bawa hilo atakuwa na milimita 24, hata hafikii urefu wa kidole gumba.

Wanafunzi huuliza kwa nini ikawa 72, isiwe 70 au 100. Jawabu ni la Kiingereza kabisa: inchi moja ya karatasi ni futi sita za ndege, na futi sita ni inchi 72. Vivyo hivyo 1/48 ni inchi moja kwa futi nne. Mtoto aliyelelewa na mita peke yake hujifunza hapo kwamba hata namba ina kwao.

Kisha lipo somo la ukweli, ambalo mimi sijaliona likifundishwa vizuri zaidi katika kitabu chochote cha insha. Mstari wa wino wenye unene wa sehemu mbili za kumi za milimita, ukiukuza mara 72, unakuwa milimita 14.4. Maana yake ni kwamba kila mstari uonyeshao kiungo cha mabati umekwisha kukosea kwa kadiri ya upana wa kidole, na kichwa cha ribiti hakiwezi kuchorwa kwa ukubwa wake wa haki hata mchoraji angekuwa malaika. Mchoraji mwaminifu hulijua hilo, akazionyesha ribiti kwa nukta hafifu au akaziacha. Asiye mwaminifu huzijaza karatasi nzima, ili mnunuzi astaajabu. Na kama ilivyo kwetu sisi tuandikao vitabu, kosa la wa kwanza hunakiliwa na wa pili, wa tatu akalikuta limekwisha kuwa sheria.

Sasa tuje kwenye maneno. Bawa la Lancaster halipandi moja kwa moja kutoka kiwiliwilini: sehemu yake ya katikati imelala sawa, na ni nje ya injini za ndani ndipo linapoanza kuinuka kuelekea nchani. Namwomba mwenzangu asemaye kwamba hii si kazi ya somo la lugha ajaribu kumweleza mtu asiyeiona karatasi habari hiyo moja, bila kutumia mikono. Akifaulu, amefundisha viunganishi, vielezi vya mahali na ngeli tatu kwa dakika moja. Asipofaulu, na ajiulize kama upungufu uko katika Kiswahili au katika mazoezi yake.

Ati hatuna maneno! Rubani alikuwa mtu wa bahari kabla ndege hazijatungwa. Ndiye aliyekijua kilindi na mwamba, akakiongoza chombo hata bandarini. Alipotakiwa angani alipanda tu, na jina lake lilikwenda naye. Usukani ni wa jahazi. Mafundi wa vyombo wa Lamu na Unguja wana mkuku utandikwao kwanza, wana taruma zinazokipa chombo mbavu, wana omo mbele na tezi nyuma. Na kiwiliwili cha ndege, ukikivua bati lake, ni jahazi lililofunikwa. Waingereza nao hawakufanya vinginevyo: jina walilolipa usukani wa ndege ni lile lile la usukani wa meli, na la rubani kadhalika. Bawa na mkia tumevitoa kwa ndege mwenye manyoya, pezi kwa samaki, kiwiliwili kwetu wenyewe, na rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, ilikwisha kuzungusha maji kabla ya kuzungusha hewa. Palipopungua tumekopa: injini, ribiti, plastiki, skeli. Hakuna lugha iliyokua bila kukopa, na aonaye haya kwa neno "injini" na aone haya pia kwa neno "kitabu".

Hata neno "ramani" lenyewe ni shahidi. Mwashi wa mjini husema "nipe ramani ya nyumba," akaisoma na kujenga, naye pengine hajamaliza darasa la saba. (Fundi wa jahazi wa kale yeye hakuwa na ramani kabisa; alijenga kwa jicho na kwa kamba, na chombo kikafika Maskati. Nalisema hili ili mtu asidhani kwamba naitukuza karatasi kuliko akili.)

Basi hoja ya kwanza imekwisha. Hoja ya pili haikwishi upesi hivyo, wala sitaki kuidharau.

Ni kweli kwamba Kiswahili kiliingia masikioni mwa Waganda wengi kikiwa kimevaa viatu vya askari. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kikawa lugha ya polisi na ya kambi baada ya uhuru, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Watu waliovunjiwa milango usiku walisikia lugha hii. Mtu aliyeyapata hayo hawezi kuambiwa na mwalimu mwenye chaki kwamba amekosea kuogopa. Na ijapokuwa katiba ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, sheria haiwezi kufuta kumbukumbu. Sisi walimu ndio tuliopewa kazi hiyo.

Lakini je, kumbukumbu hufutwa kwa kuficha picha? Nauliza kwa sababu vita hivyo hivyo vina ndege yake ya mabomu, nayo ina ramani. Mwezi Machi 1979, jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipokuwa wakiikaribia Kampala, Libya ilimsaidia Amin kwa kutuma ndege ya namna ya Tupolev Tu-22 ikapige akiba ya mafuta mjini Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Sasa itazame Tu-22 katika ramani: chombo chembamba kama mkuki, injini zake mbili zimepandishwa juu ya mkia, pande mbili za pezi, na ndani yake watu watatu tu. Ni ndege ya kupendeza macho, na kuna wajenzi wa ndege za mfano waipendao kwa umbo hilo tu. Mtoto wa Uganda anayo haki ya kuiona, na anayo haki ya kuambiwa ilitumwa na nani, wapi, kwa ajili ya nani. Tukimnyima ramani kwa kuwa tunaogopa habari, tumemnyima vyote viwili. Naye atavipata kwingine, kwa lugha nyingine, kutoka kwa mtu asiyejali kumweleza la pili.

Wapo watakaonikumbusha kwamba ndege za mfano zenyewe zilizaliwa na vita. Nami nitawaongezea ushahidi. Mapema mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari waunde ndege za mfano 500,000 kwa mbao, zote kwa skeli ya 1/72, zikatumike kuwafundishia askari kuzitambua ndege. Skeli ilichaguliwa kwa hesabu: mfano ukiutazama kutoka mita 10, unauona kama ndege ya kweli iliyo umbali wa mita 720. Ndiyo, watoto wale walikuwa wakiutumikia ulengaji wa mizinga. Lakini somo hilo lilikuwa na ubavu wake wa pili: askari asiyeijua sura ya ndege huiangusha ya ndugu yake. Karatasi moja ilifanya kazi mbili, nayo yenyewe haikuchagua. Waliochagua ni watu, nao walichagua kwa maneno.

Hapo ndipo ulipo moto nilioutaja. Ramani haisemi uongo. Au ikisema, ni kwa kadiri ya unene wa mstari wake. Uongo umo katika maelezo yaandikwayo pembeni, na sisi watu wa Kiswahili tumeanza kuyatafsiri maelezo hayo neno kwa neno kana kwamba tumetiwa dawa ya usingizi.

Tazama neno moja tu. Katika orodha ya vipimo, baada ya upana wa mabawa na urefu wa kiwiliwili na nguvu za injini, huja mstari wa mabomu; na wafasiri wetu huandika: "Mzigo: kilo 6,350." Mzigo! Mzigo ni wa punda na wa hamali; ni wa mama atokaye porini na kuni kichwani. Mzigo hutuliwa, na kwa kawaida yuko mtu anayeungoja. Nani aliyeungoja mzigo wa Lancaster? Mwishoni mwa Julai 1943 ndege za Kiingereza, Lancaster zikiwa nyingi miongoni mwazo, ziliupiga mji wa Hamburg usiku baada ya usiku hata moto ukageuka kimbunga, na watu zaidi ya 30,000 wakafa. Katika orodha mji huo huitwa "shabaha". Shabaha tuijuayo sisi ni alama mtini.

Na si majina peke yake. Vitenzi navyo vimeingia katika shauri hili. Kila mwalimu msomaji wa gazeti hili amefundisha tofauti ya "ukuta ulibomoka" na "ukuta ulibomolewa". Katika kauli ya kutendeka mtenda hayumo, wala hatumtafuti; huenda ni mvua, huenda ni uzee wa ukuta wenyewe. Katika kauli ya kutendwa mtenda anangojwa mlangoni, na mwanafunzi mwerevu atauliza, "na nani?" Sasa soma maelezo ya ndege za mabomu katika Kiswahili chetu: miji hubomoka, nyumba huungua, maisha hupotea. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za B-29 za Marekani zaidi ya 270 ziliutia moto mji wa Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa kabla hakujacha. Mwenye kuandika kwamba Tokyo "iliungua" hakukosa sarufi, lakini ameitumia sarufi kumsitiri mtu. Iliunguzwa. Na ukiitazama ramani ya B-29 yenye vibanda vyake vya bunduki mgongoni na tumboni, uliza pia kwa nini usiku ule ndege zilipunguziwa bunduki na risasi: ni kwa kuwa uzito uliookolewa ulijazwa mabomu.

Msije mkadhani kwamba nataka maelezo yanayowataja waliokuwa chini tu. Ndani ya Lancaster walikuwamo watu saba: rubani, injinia, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa simu ya upepo, na wapiga bunduki wawili, mmoja wao akiwa amejifungia peke yake mkiani penye baridi kali. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita vile. Wengi walikuwa vijana ambao umri wao haukuzidi sana umri wa wanafunzi wetu wa kidato cha sita. Na hao waandikwe. Ninalolikataa ni maelezo yamhesabuye ribiti na kumsahau mtu, awe juu au chini.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Makumbusho ya ndege ya Smithsonian, Washington, yalipokusudia kuionyesha mwaka 1995 ile B-29 iitwayo Enola Gay, iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, mabishano makali yalizuka, na yalikuwa juu ya maandishi. Vyama vya askari wa zamani vilisema maandishi yale yanawahurumia mno Wajapani. Wanahistoria wakasema ukweli unafichwa. Mwisho maonyesho yaliyopangwa yakafutwa, ikawekwa sehemu ya ndege na maneno machache. Ndege nzima ilipowekwa hadharani Virginia mwaka 2003, kibao chake kilitoa habari za ufundi na za vipimo, wala hakikutaja waliokufa. Wasomi na manusura wa Hiroshima walilalamika. Kibao kile, kwa maoni yangu, ni ndugu yake yule mfasiri wetu wa "mzigo": kila namba iliyomo ni sahihi, na yote kwa pamoja ni kimya.

Ajabu ni kwamba ramani ya Enola Gay husema zaidi ya kibao. Iweke kando ya ramani ya B-29 ya kawaida. Mabawa ni yale yale, mita 43.05, ambazo kwa skeli ya 1/72 ni karibu sentimita 60. Lakini mgongo umekuwa mtupu: vibanda vya bunduki vya juu na vya chini havipo, zimebaki za mkiani tu. Mjenzi wa ndege ya mfano hulazimika kuvikata na kuziba matundu. Mwulize mwanafunzi kwa nini, umwache afikiri. Atagundua mwenyewe kwamba ndege hii iliondolewa silaha zake ili ichukue kitu kimoja kizito sana, chenye urefu wa mita tatu, ambacho kwa skeli ni milimita 42, pingili mbili za kidole. Watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima kabla ya mwaka 1945 kwisha.

Na hapa naomba wenzangu wa Lubumbashi, Kolwezi na Likasi wanisikilize, kwa maana habari hii ni yao kuliko yangu. Urani iliyotengeneza bomu hilo ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga, iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Ilichimbwa na Waafrika, katika nchi ambayo Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya migodini. Amri za kazi, majina ya vifaa, malalamiko juu ya posho: mengi ya hayo yalisemwa kwa lugha tunayoifundisha. Yeye asemaye kwamba ndege ya mabomu ni jambo la Wazungu, lisilo na njia ya kuingilia katika Kiswahili, na anieleze hilo jiwe lilipita njia gani.

Basi shauri langu kwa vyama vya Kiswahili vya shule ni hili. Ramani zitandikwe. Wanafunzi wazisome, wazipime kwa rula, waziseme kwa maneno ya omo na tezi, taruma na mkuku, na atakayepata mbao laini na aunde. Lakini maelezo ya pembeni yasitafsiriwe. Yaandikwe upya, na wanafunzi wenyewe. "Mzigo" ufutwe, liandikwe "mabomu". Mji utajwe jina. Kauli ya kutendeka isitumike pale mtenda anapojulikana.

Kwa Enola Gay mimi ningeandika hivi: "Ndege ya Marekani ya namna ya B-29. Mabawa mita 43.05. Tarehe 6 Agosti 1945 watu waliokuwamo waliangusha bomu moja juu ya mji wa Hiroshima, wakaua watu wapatao 140,000 kwa hesabu ya hata mwisho wa mwaka. Urani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga." Ni sentensi nne tu. Zinaenea katika pembe ya chini ya karatasi, kando ya skeli, mahali ambapo wachoraji huwa wamepaacha wazi.